Mguu wa Breki Ndio Unaokunywa Mafuta

Barua za mwezi huu zinalia kilio kimoja: gari dogo, mafuta mengi. Zile zinazouliza wanunue gari gani nimeziweka kando. Hapa nimewajibu wenye gari tayari, walio na pampu ya mafuta inayowajua kwa sura.

Shikamoo Mama Fundi. Nina gari la milango mitano, injini ya cc 1300, gia otomatiki. Nilipolinunua lilikuwa linanipa kilomita 15 kwa lita, sasa halifikishi 11. Fundi mmoja kaniambia nibadilishe nozeli zote zinazonyunyizia petroli kwenye injini, wa pili anasema ni pampu ya mafuta iliyo ndani ya gari, wa tatu kaniuzia chupa ya dawa ya kumimina tangini. Hakuna kilichobadilika. Nianzie wapi? (Nimechoka Kujaza)

Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye hesabu, maana barua yako haisemi hizo 15 na 11 umezipataje. Kama umezisoma kwenye dashibodi, hicho kioo mara nyingi hupenda kumfurahisha mwenye gari. Jaza tangi mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe mara ya kwanza, kisha usiongeze hata tone. Kihesabu cha safari kirudishe sifuri. Endesha mpaka tangi lishuke chini ya nusu, rudi pampu ileile, jaza kwa mtindo uleule, ugawanye kilomita kwa lita. Rudia kwa matangi matatu ndipo uandike wastani, kwa sababu tangi moja haliaminiki: gari likisimama limeinama kidogo tu, kiasi kinachoingia kinabadilika. Na wale wanaoendelea kubinya bomba baada ya kujikata, wajue kwamba zaidi ya kuvuruga hesabu wanasukuma petroli kwenye kopo la mkaa linalonasa mvuke wa tangi. Kopo hilo halikuumbwa kunywa mafuta ya maji.

Jiulize pia kama njia ni ileile. Ukihamia kazi iliyo kilomita tatu kutoka nyumbani, gari litaonekana linakula zaidi hata kama ni zima kabisa, kwa kuwa injini inafika kazini kabla haijapata joto lake.

Tuseme hesabu ni sahihi na njia haijabadilika. Kutoka 15 kushuka 11 ni kupoteza zaidi ya robo. Mwizi wa robo si mwizi mdogo, kwa hiyo usimtafute kwenye vitu vidogo. Upepo wa matairi, kwa mfano, kila mtu ataanza kuutaja. Ni kweli upime, asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi. (Ile iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, si kipimo cha gari lako.) Tairi zima hupoteza takriban PSI 1 kila mwezi bila kutoboka. Lakini kila PSI 1 inayopungua kwenye matairi yote manne inakugharimu kama asilimia 0.2 tu. Hata yakiwa chini kwa PSI 10, hiyo ni asilimia 2. Jaza upepo, ila usitegemee upepo ukurudishie kilomita nne.

Mimi kwa dalili kama zako huanzia kwenye thamostati. Ni kivalvu kidogo kinachozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto, kwa magari mengi kati ya nyuzi 82 na 88 za Selsiasi. Kikikwama kikiwa wazi, injini haipashiki ipasavyo, kompyuta ya gari inayopima mafuta ya kumimina inaamini bado ni baridi na inaendelea kumimina mafuta ya ziada. Kuna mafundi wanaoking'oa na kukitupa ili gari lisichemke. Hiyo si tiba; kama gari linachemka, tafuta kwa nini linachemka. Angalia mshale wa joto: ukikaa chini ya kiwango chake cha kawaida baada ya robo saa ya safari, au ukishuka kila unapokimbia barabara tupu, umempata mtuhumiwa wa kwanza.

Wa pili ni breki inayokwama. Endesha dakika 15 hivi bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu, bila kuigusa. Moja ikitoa joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, pedi za hapo haziachii diski. Mara nyingi ni pini za kalipa (mkono unaobana pedi) zilizokauka grisi, au waya wa breki ya mkono uliokazwa kupita kiasi. Gari la namna hiyo unaliendesha huku umelishikilia.

Wa tatu ni sensa ya oksijeni iliyoko kwenye bomba la ekzosi kabla ya katalisti, yaani kisafisha moshi. Hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta kama mafuta yamezidi au yamepungua. Ikizeeka inajibu polepole. Ikifa, kompyuta inakisia, na inapokisia huongeza. Mamlaka za Marekani zinazoshughulikia matumizi ya mafuta zinasema kurekebisha hitilafu kubwa ya aina hii kunaweza kuboresha matumizi hadi asilimia 40. Masizi meusi mdomoni mwa ekzosi na harufu ya petroli ni ushahidi mzuri. Lakini kabla ya kununua sensa mpya, mwambie fundi akague kama bomba limepasuka kabla ya pale ilipofungwa. Sensa ikinusa hewa ya nje kupitia ufa, itadanganya hata ikiwa mpya.

Plagi ziangalie ukiwa hapohapo. Zile za kawaida zinachoka kati ya kilomita 20,000 na 30,000, za iridiamu huenda mpaka 100,000. Nozeli ziache mwisho, na chupa ya dawa usinunue nyingine.

Mama Fundi, toleo lililopita ulisema dereva mzuri anajulikana kwa jinsi taa zake za breki zinavyowaka mara chache. Mimi niko kwenye foleni kutwa. Nikiacha nafasi mbele, wengine wanaingia. Nikiondoka taratibu, napigiwa honi. Mafuta nitayabania wapi? (Mtu wa Foleni)

Watu wanaamini mafuta yanaliwa mguu unapokuwa kwenye pedali ya mafuta. Pale unanunua mwendo, na mwendo ukishanunuliwa ni mali yako. Hasara inakuja mguu uleule unapohamia breki: mwendo ulioulipia unageuka joto kwenye diski na kwenda na upepo.

Tuhesabu. Gari la kilo 1,000 likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa limebeba nishati ya kilojuli 139. Lita ya petroli ina megajuli 32 hivi, lakini sehemu kubwa inapotelea kwenye rejeta na ekzosi. Kinachofika kwenye magurudumu, kwa injini ndogo iliyo nzima, tuseme ni robo, yaani megajuli 8. Kwa hiyo kila unapolisimamisha gari hilo kutoka 60 umemwaga mililita 17, kijiko cha mezani na tone la ziada. Simama hivyo mara 58 lita imekwisha. Ukisimama kutoka 80 si mililita 17 tena, ni 31, kwa sababu nishati ya mwendo hukua kwa mraba: mwendo ukizidi mara mbili, nishati inazidi mara nne.

Ndiyo maana ninasema angalia breki zako. Kama mbele taa ni nyekundu, toa mguu kwenye mafuta sasa hivi, usisubiri mpaka uifikie. Mara nyingine itageuka kijani ukiwa bado unatembea kwa 25, na gari linalotembea kwa 25 halihitaji kununuliwa mwendo upya kutoka sifuri. Usitazame bampa ya mbele yako, tazama gari la tatu au la nne kutoka hapo ulipo. Na hao wanaoingia kwenye nafasi uliyoacha, waache waingie. Kila mmoja anakugharimu mita chache za barabara, hakugharimu mililita.

Kwenye foleni inayosogea, kaa nyuma kidogo utambae mfululizo kwa mwendo mdogo, badala ya kuruka mbele na kufunga breki. Otomatiki ikiwa kwenye D inatambaa yenyewe ukiachia breki, itumie.

Kuhusu honi, nakuunga mkono na wanaokupigia pia nawaunga. Kuondoka kwa kunyata mno hakusaidii kama watu wanavyodhani. Injini ya petroli hufanya kazi yake vizuri zaidi ikipewa mzigo wa kutosha kwenye mizunguko ya chini. Kanyaga kwa wastani na kwa utulivu, gia ipande injini ikiwa kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika, ufike kwenye mwendo unaotaka, kisha ulegeze mguu ushikilie hapo. Kinachokula ni kukanyaga mpaka chini injini ilie, ukijua fika kwamba mita 100 mbele kuna mkia wa foleni.

Mkisimamishwa kwa dakika kadhaa, pale ambapo ni salama na betri na stata ni nzima, zima. Injini ndogo ikinguruma imesimama hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Kuwasha upya injini yenye joto hakugharimu zaidi ya sekunde 10 za kunguruma. Lakini usizime kila gari la mbele linapogusa breki, stata yako haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Shikamoo Mama. Baba yangu ni dereva wa zamani, ananiambia kwenye mteremko nitie nyutro ili injini ipumzike na mafuta yabaki. Gari langu ni la gia za mkono, cc 1000. (Kijana wa Klachi)

Marahaba. Baba yako usimbishie mezani, lakini yeye alijifunzia kwenye kabureta, kile kifaa cha zamani kilichochanganya petroli na hewa bila kompyuta. Kabureta ilikuwa inatiririsha mafuta hata gari likisukumwa na mteremko, kwa hiyo ushauri wake ulikuwa na mantiki siku zile.

Gari lako lina nozeli zinazoamriwa na kompyuta. Ukiwa ndani ya gia, mguu umetoka kabisa kwenye mafuta na injini inazunguka juu ya takriban 1,500 kwa dakika, kompyuta inazifunga. Mafuta yanayoingia ni sifuri, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia nyutro, magurudumu yameachana na injini, na ili isizimike kompyuta inalazimika kuilisha. Yaani nyutro ndiyo inayokula.

Mteremko ukiwa mpole mno, ule ambao ukitoa mguu gari linapoteza mwendo, baki kwenye gia ya juu na ugusie mafuta kidogo. Mteremko mkali, shuka gia, injini ikusaidie kushikilia gari, breki zisipikwe. Breki zilizopata joto kupita kiasi hupungua nguvu, na mahali pa kuligundua hilo si katikati ya kona. Kuzima kabisa injini ukiwa unateremka ni jambo ambalo sitaki hata kulisikia: baada ya kukanyaga mara chache nguvu ya kusaidia breki inaisha, usukani unakuwa jiwe, na ufunguo ukigeuka kupita kiasi usukani unaweza kufungika.

Mume wangu hufungua madirisha yote hata tukiwa barabara kuu kwa mwendo wa 100, anadai AC inamaliza mafuta. Nikifika ninakokwenda nywele zangu hazitazamiki. Nani kati yetu yuko sahihi? (Mama wa Kiti cha Mbele)

Inategemea mwendo, dada yangu. Kwa mwendo wa mjini yeye yuko sahihi: kompresa ya AC inaendeshwa na injini, na kwenye injini ndogo mzigo huo unasikika. Barabara kuu wewe ndiye uko sahihi, maana kwa 100 madirisha yaliyofunguliwa yanavuruga hewa na gari linasukumana na upepo. Gari likiwa limeanikwa juani, fungueni madirisha dakika ya kwanza joto litoke, ndipo mwashe AC. Kwa hiyo nywele zimeshinda barabarani. Mjini mwache mzee ashinde.

Kuna sumaku ya kufunga kwenye bomba la mafuta, inasemekana inapanga chembe za petroli. Je, inafaa? Na nikijaza petroli ya okteni ya juu nitapata kilomita zaidi? (Mpenda Majaribio)

Sumaku, hapana. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kubana mafuta na halikukuta kinachopunguza matumizi kwa kiasi cha maana.

Okteni ni uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati. Si nguvu, si usafi. Kama kitabu cha gari kinasema 91, weka 91. Kuweka 98 kwenye injini isiyoihitaji ni kulipia sifa. Kama kitabu kinadai 95 na wewe unaweka pungufu, kompyuta itachelewesha moto wa plagi kuilinda injini, na hapo kweli utapoteza.

Nipashe injini dakika 10 kila asubuhi kabla ya kuondoka? (Msomaji wa Siku Zote)

Hapana. Washa, funga mkanda, ondoka taratibu na usiipigishe resi mpaka mshale wa joto upande.

Nimefunga keria juu na kubadili matairi kutoka 175/65 R15 kwenda 185/65 R15 ili gari lisimame vizuri. Tangu hapo linakula zaidi kwenye safari ndefu. Naendesha 120, sijawahi kubadilisha mwendo. (Gari Limependeza)

Limependeza, sikatai. Ila umelipa mara tatu.

Tairi la zamani lina kipenyo cha milimita 608, jipya 621. Likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi kwa asilimia 2, lakini kihesabu hakijui. Kinapoandika kilomita 100, umekwenda 102. Kwa hiyo sehemu ndogo ya hicho unachokiita kula zaidi ni kihesabu kinachokupunja, na ile 120 yako halisi imepanda pia. Sehemu nyingine ni ya kweli: tairi pana zaidi kwa kawaida ni zito zaidi na linasukuma hewa zaidi.

Keria isiyo na mzigo ifungue uiweke stoo. Gari dogo limechongwa ili hewa ipite juu yake kwa utulivu, nawe umeisimamishia ngazi. Kama huna budi kubeba, panga ndani kwanza, na toa kwenye buti visivyosafiri. Nimewahi kufungua buti nikakuta madumu ya maji, jeki mbili na kiti cha mtoto ambaye sasa anaendesha gari mwenyewe. Kila kilo 45 za ziada zinakula kama asilimia 1, na gari likiwa dogo zinauma zaidi.

Kuhusu hiyo 120: ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 90 kwenda 120 unaongezeka kwa asilimia 78. Kwa umbali wa kilomita 100 unaokoa kama dakika 17. Kama hizo dakika 17 zina kazi, endelea, sheria ya barabara ikikuruhusu.

Halafu, kwa kuwa najua utauliza: filta ya hewa ibadilishe kwa wakati, ila kwa ajili ya nguvu na uhai wa injini. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilipima jambo hili mwaka 2009 na kukuta kwamba kwenye magari ya kisasa yenye nozeli, filta iliyoziba hupunguza mchapuko wa gari, haiongezi matumizi ya mafuta kwa kiasi cha kuonekana. Kompyuta inaona hewa imepungua, nayo inapunguza mafuta. Kwa magari ya kabureta hadithi ni tofauti. Oili, kwa upande mwingine, inastahili kusumbuliwa: gari linalotaka oili nyepesi ya 0W-20 likiwekwa nzito ya 20W-50 kwa sababu "nzito inalinda zaidi" linafanya kazi ya bure ya kusukuma oili kutwa.

Nimenunua kidude cha kuchomeka chini ya usukani, kinasoma kompyuta ya gari kupitia simu. Kinaonyesha namba nyingi mno. Nitazame zipi? (Simu Mkononi)

Kwanza, mpe simu aliyekaa kando yako. Pili, kama gari lako halisomeki kabisa, si lazima kidude kiwe kibovu: tundu hilo lilikuwa sharti kwa magari yaliyouzwa Marekani tangu 1996 na ya petroli barani Ulaya tangu 2001, na ya masoko mengine yalichelewa.

Namba ya kwanza ni joto la maji ya injini. Baada ya kama robo saa ya safari likae kati ya nyuzi 85 na 95. Likibaki 65 au 70, soma jibu langu kwa Nimechoka Kujaza.

Ya pili ni marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yanayoandikwa kwa asilimia. Hapo kompyuta inakiri ni kiasi gani imelazimika kuongeza au kupunguza kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Kati ya -10 na +10 usihangaike. Ikiwa +15 au zaidi, inaongeza mafuta: tafuta hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma kupitia bomba lililopasuka, sensa chafu ya kupima hewa, au pampu dhaifu.

Ya tatu ni volti za sensa ya oksijeni ya mbele. Ile ya aina ya kawaida, injini ikiwa ya moto, hupanda na kushuka haraka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ikisinzia sehemu moja, ina tatizo. Magari mengi mapya yana sensa ya aina nyingine isiyocheza hivyo, kwa hiyo hakikisha aina kabla ya kuihukumu.

Na kama marekebisho yanasoma -20 huku kijiti cha oili kikinuka petroli, usisubiri toleo lijalo: huenda nozeli inavuja na petroli inaosha oili. Usiendelee kulitembeza, mwite fundi alikute lilipo.